Wakili Si Mrithi wa Majeruhi

Mtu aliyevunjika nyonga katika ajali ya basi hana nguvu za kubishana na mtu. Amelazwa chali, mguu umening'inizwa kwa uzito, dawa za maumivu zimemlegeza ulimi, na fikira zake ziko kwa watoto aliowaacha nyumbani na kwa shamba ambalo mvua zimeanza kulipita. Ndipo anapotokea kijana nadhifu mwenye mkoba wa ngozi. Jinsi alivyolipata jina la mgonjwa na namba ya kitanda chake, hasemi. Anasema maneno matamu: "Pole sana, mzee wangu. Usihangaike. Tia sahihi hapa, mengine tuachie. Hatukudai hata senti." Karatasi inatandazwa juu ya blanketi. Kama mkono wa kuume umevunjika, dole gumba la kushoto linatosha.

Miaka mitatu au minne ikipita, fidia inatoka. Haiendi kwa aliyevunjika nyonga. Inaingia katika akaunti ya wakili, na humo inakaa, inakatwa, inakatwa tena, na hatimaye masazo yake yanamfikia mwenyewe bila hesabu yoyote ya maandishi. Akithubutu kuuliza, anafunuliwa jalada na kuonyeshwa dole gumba lake.

Huu ni wizi usiotumia panga wala bunduki. Unatumia sahihi ya yule aliyeibiwa, na ndiyo maana wengi waliotendewa hivyo huishi wakiamini kwamba walitendewa haki, au angalau kwamba hawana pa kulalamikia. Na wale wachache wanaofahamu pa kulalamikia hukuta kwamba mlango huo unalindwa na wenzake yule yule waliyekwenda kumshitaki. Jambo hili la pili ndilo baya zaidi, nalo linawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko wanavyodhani.

Ushahidi ulio wazi katika bara hili unatoka Afrika Kusini. Inafaa uangaliwe kwa utulivu, kwa maana nchi hiyo haikukosa sheria. Tangu mwaka 1942 ilikuwa imepitisha sheria ya kulazimisha bima kwa ajili ya watu wanaoumizwa na magari, na kwa sheria ya mwaka 1996 ukawekwa Mfuko wa Ajali za Barabarani unaowalipa majeruhi badala ya dereva mwenye kosa. Mfuko huo hauishi kwa hisani ya matajiri. Unaishi kwa kodi inayotozwa katika kila lita ya petroli na dizeli, ambayo katika miaka ya karibuni imezidi randi 2 kwa lita. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa ndani anayepanda teksi alfajiri kwenda kufua nguo za wenye nacho anauchangia Mfuko huo kwa nauli yake, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Siku teksi ile inapopinduka, anachokwenda kudai ni akiba yake.

Kuhusu ujira wa mawakili pia sheria ilikuwapo. Mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria iliyoruhusu mapatano ya "nikishinda unilipe, nikishindwa usinilipe", ambayo zamani yalikatazwa. Lakini Bunge halikuacha mlango wazi. Lilisema kwamba wakili aliyeshinda anaweza kuongeza ujira wake wa kawaida, ila nyongeza hiyo isiufanye ujira kuzidi mara mbili ya ule wa kawaida. Na pale kinachodaiwa ni fedha, isizidi asilimia 25 ya fedha zilizopatikana. Kinachofuatwa ni kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomezwa na wajanja. Chukua mfano. Majeruhi amepata fidia ya randi 1,000,000. Kazi aliyoifanya wakili, ikihesabiwa kwa saa, barua na siku za mahakamani, ina thamani ya randi 60,000. Mara mbili ya hiyo ni 120,000. Asilimia 25 ya fidia ni 250,000. Kwa mujibu wa sheria wakili huyo anastahili 120,000 na si zaidi. Lakini mteja aliyeambiwa kwa mdomo kwamba "sheria inasema robo" atatoa 250,000 na kushukuru, na atakuwa ametoa 130,000 zisizodaiwa na sheria yoyote. Kwa fedha hizo angenunua kiti cha magurudumu na kumlipa mtu wa kumwogesha. Na hiyo ni kwa wakili wa robo tu. Wapo waliodai theluthi, na wapo waliovuka hapo.

Sheria hiyo ilizungushiwa ua. Iliagiza mapatano yaandikwe katika fomu iliyowekwa na Waziri, yatiwe sahihi, na mteja apewe nakala yake. Ilimpa mteja siku 14 za kujitoa baada ya kutia sahihi, ili aliyesaini akiwa na homa apate nafasi ya kufikiri homa ikishuka. Ilimpa haki ya kupeleka ujira wa wakili ukakaguliwe. Isitoshe, iliagiza kwamba kesi inapomalizwa kwa mapatano nje ya hukumu, wakili na mteja, kila mmoja kwa kiapo chake, waeleze masharti ya mapatano hayo. Mtunga sheria alimfikiria mtu mnyonge, naye apewe sifa yake.

Kilichofuata ni somo kwa kila anayeamini kwamba sheria njema hujitekeleza yenyewe. Baadhi ya mawakili wa madai ya ajali walizuka na hoja kwamba sheria ile ya Bunge ni ya hiari. Ati nje yake ipo sheria ya kale ya mahakama inayomruhusu wakili kupatana na mteja wake kwa asilimia yoyote, bila fomu, bila siku 14, bila kiapo. Na chama cha mawakili cha majimbo ya kaskazini, ambacho kisheria ndicho kilichokuwa mlinzi wa umma dhidi ya wanachama wake, kikawapa wanachama hao ruhusa ya kufanya hivyo. Mlinzi wa ghala ndiye aliyetoboa gunia.

Mama mmoja aliyeumia barabarani na kuwakilishwa na kampuni ya Ronald Bobroff na Wenzake ya Johannesburg alikataa kunyamaza. Alisema mkataba wa asilimia aliotiliwa ulikuwa nje ya sheria, kwa hiyo hauna nguvu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikubaliana naye. Tarehe 20 Februari 2014 Mahakama ya Katiba ilifunga mjadala: mapatano ya namna hiyo ni halali pale tu yanapofuata sheria ya mwaka 1997, na nje yake hakuna kitu. Katika kesi iliyosikilizwa pamoja na hiyo, chama cha mawakili wanaoshughulikia madai ya majeruhi kilikuwa kimekwenda kudai kwamba sheria ile inakiuka Katiba. Msomaji na atulie aitafakari picha hiyo. Watu wanaoishi kwa kuwatetea vilema na wajane walipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, nchi iliyopata uhuru wake kwa damu, kudai kwamba ukomo wa kile kinachokatwa kutoka kwa vilema na wajane hao ni uvunjaji wa Katiba. Majaji hawakukubali.

Mke na mume wengine, wateja wa kampuni hiyo hiyo, walipeleka malalamiko yao kwa chama cha mawakili, kama walivyoelekezwa na sheria. Walipeleka barua, wakajibiwa kwa barua. Tarehe ikawekwa, tarehe ikaahirishwa. Miaka ikapita. Chama hakikusema mawakili hao hawana kosa, wala hakikusema wana kosa. Kiliacha tu muda ufanye kazi yake. Ikabidi wanandoa hao wakishitaki chama chenyewe katika Mahakama Kuu, na mwaka 2014 ni mahakama iliyolazimika kuingilia kati ili vitabu vya kampuni vifunguliwe. Raia wa kawaida, mmoja wao ana majeraha ya ajali, walilazimika kufungua kesi mbili: ya kudai fidia, na ya kudai kwamba mtu fulani aangalie fidia ile ilikwenda wapi. Hata hivyo wasingefika huko kama kampuni kubwa ya bima ya afya, iliyokuwa na sababu zake yenyewe, isingewaunga mkono. Ni majeruhi wangapi wenye mfadhili wa namna hiyo?

Mwezi Machi 2016 Ronald Bobroff na mwanawe waliondoka nchini kwenda Australia kabla vyombo vya dola havijawakamata. Wao wamekana kosa, na ni haki yao kusikilizwa. Lakini mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ilithibitisha amri ya kutwaa fedha zilizokutwa katika mabenki ya Israeli, fedha zilizohusishwa na wao. Aliyepotelewa na mguu katika barabara za Afrika Kusini angepata wapi akili ya kuitafuta fidia yake huko?

Haipasi kudhaniwa kwamba kampuni moja ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Kampuni moja ilikuwa jipu; damu ndiyo iliyochafuka. Mfumo ulioruhusu fedha ya majeruhi ipite kwanza mfukoni mwa mwakilishi wake, kisha ukamfanya mwakilishi huyo na wenzake kuwa wakaguzi wa mfuko huo, ungezaa matokeo yale yale hata kama wahusika wangekuwa watu wengine. Afrika Kusini yenyewe ilikiri hivyo, kwani tarehe 1 Novemba 2018 vyama vile vya mawakili viliondolewa madaraka ya kuadhibu, na mahali pake likawekwa Baraza la Wanasheria chini ya sheria ya mwaka 2014, sheria ambayo pia iliweka ofisi ya mpatanishi wa malalamiko ya umma inayoongozwa na jaji mstaafu. Hakuna anayeweza kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi asubuhi na hakimu wa kesi ya mwanachama wake alasiri. Mwalimu yeyote anafahamu kwamba mwanafunzi hasahihishi mtihani wake mwenyewe.

Mawakili wana hoja yao, nayo isidharauliwe. Wanasema: ondoeni asilimia, na maskini hatapata wakili kabisa. Kampuni ya bima ina mawakili wanaolipwa kila mwezi, na kila mwaka wa kuchelewa ni faida kwake. Majeruhi hana hata nauli ya kufika mahakamani. Mtu anayekubali kubeba kesi hiyo kwa gharama zake, akilipia ripoti ya daktari, nakala na ada, huku akijua kwamba akishindwa hatarudishiwa kitu, anastahili kuongezewa kwa hatari aliyojitwisha. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wapo mawakili, katika miji midogo hasa, waliowatoa watu kaburini kwa namna hiyo, na jina lao lisitiwe matope pamoja na la wengine.

Lakini hatari lazima iwepo ndipo ilipwe. Abiria aliyekaa kiti cha nyuma katika basi lililoligonga lori lililosimama hana kosa analoweza kubebeshwa. Hakushika usukani. Kwa utaratibu wa Afrika Kusini abiria wa namna hiyo anatakiwa kuthibitisha asilimia moja tu ya uzembe wa dereva ili alipwe fidia yake yote. Wakili anayekata robo katika kesi hiyo analipwa kwa hatari gani? Analipwa kwa hatari ambayo haipo, na anayemlipa ni mtu asiyejua kwamba haipo. Tena, aliyeshindwa huamriwa kuchangia gharama za kesi, na fedha hizo nazo hupitia kwa wakili. Asiyetoa hesabu hushindwa vipi kula kwa mikono miwili?

Mfuko wenyewe nao haukuwa malaika. Ucheleweshaji wake umewafanya watu wauze madai yao kwa bei ya kutupa. Mwaka 2021 Rais Cyril Ramaphosa alikiagiza Kitengo Maalumu cha Uchunguzi kiuchunguze Mfuko huo, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni kwamba baadhi ya kampuni za mawakili zililipwa mara mbili kwa madai yale yale. Uzembe wa kulipa mara mbili ni wa Mfuko. Ukimya wa aliyepokea mara mbili ni wa nani?

Zipo nchi zilizoamua kuung'oa mzizi. Mwaka 1967 tume iliyoongozwa na Jaji Owen Woodhouse iliishauri serikali ya Nyuzilandi kwamba kumtafuta mwenye kosa katika kila ajali ni bahati nasibu ya gharama kubwa, na kwamba jamii nzima inawajibika kumtunza aliyeumia. (Ulikuwa mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na wala Nyuzilandi haikuwa nchi ya Kijamaa.) Sheria ikapitishwa mwaka 1972 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Tangu hapo aliyevunjika mguu nchini humo hujaza fomu na kulipwa matibabu pamoja na sehemu ya mshahara, bila kujali nani alikosa, na kwa kawaida hamhitaji wakili. Afrika Kusini ilishauriwa jambo linalokaribiana na hilo na tume ya Jaji Kathleen Satchwell mwaka 2002. Muswada wa kulitekeleza ulizunguka kwa miaka mingi, mawakili wakaupinga kwa nguvu, na mwaka 2020 kamati ya Bunge ikaukataa. Yapo yaliyosemwa dhidi ya muswada huo yaliyokuwa ya haki, maana malipo yake yangekuwa madogo kwa baadhi ya watu. Lakini ni vigumu kuwasikiliza kwa moyo mweupe watu wanaopinga kufungwa kwa bomba wakati vikombe vyao viko chini ya bomba hilo.

Afrika Mashariki haina Mfuko wa namna hiyo. Ina bima ya lazima kwa mtu wa tatu, inayodaiwa kwa kampuni ya bima ya gari lililoumiza. Nchini Kenya Sheria ya Mawakili, katika kifungu cha 46, inasema wazi kwamba mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu hayana nguvu. Hivyo wakili anayemwambia majeruhi wa matatu kwamba atakata theluthi akishinda, anamtilia sahihi karatasi ambayo yeye mwenyewe, kwa elimu yake, anajua kwamba haisimami mahakamani. Karatasi hiyo ina kazi moja, nayo ni kumtisha asiyejua.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, iliunda Kamati ya Mawakili ya watu watatu: jaji wa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali au afisa aliyetajwa badala yake, na wakili aliyependekezwa na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika. Ni watu wa heshima, na wapo mawakili waliofutwa na Kamati hiyo. Lakini mtu akihesabu atakuta kwamba katika viti hivyo vitatu hakuna hata kimoja cha muuguzi, cha mwalimu, cha mkulima au cha mtu aliyewahi kulala wodini akingojea fidia. Wanasheria wanamhukumu mwanasheria. Madaktari na wahasibu nao watasema wako vivyo hivyo. Basi na wao waulizwe siku yao itakapofika.

Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya kuumizwa kwa uzembe. Hapo pana hila isiyohitaji hata kuiba. Wakili huchukua majalada mengi kuliko awezavyo kuyabeba, au huchukua jalada na kulilaza kabatini akingojea kampuni ya bima impigie simu kwa mapatano ya haraka. Mteja anapokwenda kuuliza anaambiwa "kesi inaendelea". Siku miaka mitatu inapotimia hakuna kilichofunguliwa mahakamani, na haki ya yule mtu imekufa kwa uzee. Au bima inatoa kiasi kidogo, wakili anakikubali bila kumuuliza mwenye dai, kwa kuwa shilingi za leo kwa jalada lisilo na jasho ni bora kwake kuliko haki kamili ya mteja baada ya miaka miwili ya kazi. Vitabuni jambo hilo litaonekana kama mapatano. Mteja hatajua kwamba kulikuwa na barua.

Na bado wapo vishoka, yaani watu wanaojiita mawakili bila kuwamo katika orodha. Hao huvizia milango ya vituo vya polisi na vibaraza vya mahakama. Kuhusu hao hakuna mjadala. Ni matapeli, na polisi inawajua ilivyo rahisi kuwajua.

Au pengine si rahisi. Hapa ndipo suala hili linapogeuka na kuwatazama watumishi wa umma usoni. Aliyeumia barabarani hawezi kudai fidia kwa utaratibu bila fomu ya polisi namba 3, ile inayojulikana na kila mtu kwa jina la PF3. Fomu hiyo inaandikwa na askari, inajazwa na daktari, inapita mikononi mwa karani. Jina la majeruhi, aina ya jeraha, namba ya gari na kampuni ya bima vyote vimo humo. Kijana nadhifu mwenye mkoba hakuota jina la mgonjwa usingizini. Aliuziwa. Aliyemuuzia anapokea mshahara wa Serikali, pengine ana picha ya Rais ukutani juu ya meza yake, na pengine anajisemea kwamba amemsaidia mgonjwa kupata wakili. Bei ya msaada huo italipwa na mgonjwa mwenyewe, ndani ya ile asilimia.

Mtumishi anayeuza PF3 ni tawi la mti ule ule. Haifai kuwalaumu mawakili wa Johannesburg kwa sauti kubwa huku karani wa zahanati akiachwa kwa sababu ni jirani na alichukua kidogo. Mkuu wa kituo au mganga mkuu aliye na nia anaweza kulikomesha jambo hili kwa wiki moja, kwa daftari linaloonyesha nani alichukua nakala ya fomu, siku gani na kwa ajili ya nani. Daftari hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Upo pia mzigo wa lugha. Kwa muda mrefu sheria za Tanzania zimesomwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza, na mikataba ya mawakili ikafuata njia hiyo. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Basi mkataba wa ujira unaotandazwa juu ya blanketi la mkulima wa Kilosa bado una sababu gani ya kuandikwa kwa lugha ambayo mkulima huyo haisomi? Wakili anayeweza kumshawishi mgonjwa kwa Kiswahili fasaha anaweza pia kumwandikia kwa Kiswahili hicho hicho kiasi atakachokata, na gharama zinazoongezwa juu yake. Kamati ya Mawakili ingeweza kutamka kwamba mkataba usioandikwa katika lugha anayoielewa mteja ni utovu wa maadili. Kampuni za bima nazo zingeweza kuagizwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kumwandikia majeruhi moja kwa moja, kwa anwani yake ya kijijini, zikimjulisha kiasi kilicholipwa na tarehe kilipolipwa, siku ile ile hundi inapokwenda kwa wakili. Barua moja tu. Gharama yake ni ya stempu, na kuna mawakili ambao wangeiogopa kuliko mahakama.

Aliyesoma huitwa na wasiosoma. Mwalimu wa shule ya msingi huletewa barua azisome, fomu azijaze, sahihi azishuhudie. Afisa mtendaji hupigiwa mihuri siku nzima. Mara nyingi mkataba wa majeruhi hupita kwanza mbele ya macho hayo kabla haujarudi mjini, na mara nyingi macho hayo huangalia pale penye nukta za sahihi tu, kwa kuwa mwenye shida ana haraka na kijana mwenye mkoba ameacha gari likiunguruma nje. Gari na liungurume. Anayeombwa kushuhudia ana haki ya kuusoma wote kwa sauti mbele ya mgonjwa, kuuliza ni asilimia ngapi na ya nini, kuuliza kama wakili amepewa cheti cha mwaka huu na Mahakama Kuu, na kuuliza nakala ya pili iko wapi. Kama nakala ya pili haikuletwa, kalamu irudi mfukoni, na kijana arudi mjini kuifuata.